Chokaa ya Bibi

Ndugu yangu Mbwana ndiye aliyeanza kuubomoa ukuta. Arobaini ya Bibi ilikuwa imepita, nyumba yetu ya Likoni ilikuwa imeinama upande kama mtu anayetega sikio, na matofali ya nyumba mpya yalikwisha kupangwa uani. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, mimba yangu ya kwanza imenifanya mzito, nikimtazama Mbwana na sururu yake. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeulowesha ukuta kwa juu tu. Sururu ilipozama, ikafumuka harufu ya udongo mkavu uliopata maji ghafla, na kinywa changu kikajaa mate.

Nikaogopa. Wenzangu mliokulia pwani hii siku zile mnaijua harufu hiyo, na baadhi yenu mnalijua tamanio lake. Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili, nikameza mate, yakaja mengine.

Mamangu alikuwa akifagia vifusi. Alisimama mbele ya kipande cha ukuta wa chumba chake cha zamani, akakigusa kwa ncha ya fagio.

"Hapa ndipo Bibi yenu alipovizika vidonge vyangu," alisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayeonyesha mahali palipokuwa na kisima. "Mungu amrehemu. Nilimwia radhi."

Mbwana aliinua tena sururu, maana hadithi hiyo ameisikia tangu kuzaliwa. Mimi nilivitazama vidole vyangu.

*

Nilianza kuisikia ile sauti wakati meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajatimia. Ilikuja baada ya sala ya adhuhuri, saa ya kupumzika, ambapo hata kuku walijibanza kivulini. Nililala na Mama juu ya kitanda cha kamba, yeye upande wa ukutani. Kwanza ulikuja mkwaruzo mwembamba, taratibu, kisha kimya, kisha kitu kama mchanga unaosagwa baina ya mawe mawili. Nilidhani ni panya. Siku moja nikafumbua jicho moja.

Mama alikuwa amenipa mgongo. Nyuma ya kitanda, chini, chokaa ilikuwa imebanduka na udongo mwekundu ulikuwa wazi. Alikuwa akiuchokoa kwa ukucha wa kidole cha shahada, akiukusanya kiganjani, kisha akiupeleka kinywani. Mkwaruzo ulikuwa wa ukucha, na kusagwa kulikuwa kwa meno yake. Alitafuna macho yamefumbwa, polepole, kwa raha ambayo sikupata kumwona nayo akila chakula chochote nilichokijua, wala pilau ya Idi.

Alipotoka kwenda kutawadha nilitia mkono mle shimoni. Ngumi yangu ilizama yote.

Ningeweza kucheka, kama ningekuwa sijui nilichokijua. Miezi michache nyuma jirani yetu Mwanakombo alikuwa na mimba kubwa, na kila mara alifunga vibonge vya udongo kwenye pindo la leso yake, akivitafuna kama njugu huku akipiga soga. Alikuwa akitugawia na sisi watoto, akicheka. Alifariki akijifungua. Wanawake waliotoka mle chumbani walisema damu ilimwisha. Lakini sisi tuliokaa chini ya dirisha tulikuwa na maelezo yetu, na msichana mmoja mkubwa ndiye aliyeyatia maneno: "Udongo umemwita." Na chuoni, kwenye masomo ya Kurani, Maalim alikuwa amekwisha kutusomesha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa udongo na katika udongo atarudishwa. Niliyaunganisha hayo mawili. Nikaona kwamba mtu hurudi udongoni kwa njia mbili: ama siku yake ifike azikwe, ama aanze kurudi mwenyewe, tonge kwa tonge.

Tangu hapo sikulala tena mchana. Nililala nimekaza kope, nikihesabu mikwaruzo.

*

Mama alikuwa amebadilika, na si kwa mimba yake tu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuona kwa sababu nilikuwa nikimchungulia. Viganja vyake vilikuwa vimepoteza rangi. Akitoka kisimani alikaa chini mara tatu kabla ya kufika mlangoni, akiweka ndoo kando na kushika kifua. Miguu ilivimba, nikiibonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki pale pale kinanitazama. Baba, aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini na kurudi kwetu siku za mapumziko, ndiye aliyemwambia aende dispensari.

Tulikwenda mimi na yeye. Nesi aliitwa Dama, Mgiriama mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Alimvuta Mama kope ya chini, akaniita na mimi nione.

"Ndani humu panatakiwa pawe kama tikiti lililoiva. Wewe waona nini?"

"Nazi," nikasema.

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nesi Dama hakucheka.

"Dada, wala udongo?"

Mama akatazama chini. "Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Nilitaka kusema: kiasi cha ngumi yangu. Mama akanifinya.

"Hii ni safura," alisema Nesi. "Mwilini mwako hamna chuma."

"Chuma?" Mama akajaribu mzaha. "Kwani mimi ni jembe?"

Benchi zima likacheka tena, na safari hii hata Nesi alitabasamu. "Hufiki jembe. Chuma chote kilichomo mwilini mwa mtu hakizidi msumari mdogo wa kuangikia kanzu. Lakini kikipungua hicho kidogo, damu haina nguvu. Na huyo aliyemo tumboni hakungoji ushibe. Achukua chake kwanza, wewe wabaki na makombo."

Kisha akainama karibu na Mama, akasema yale yaliyoniharibu. "Wafikiri udongo wakupa? Udongo wakunyang'anya. Ule samaki, ule maini, ule mchicha, udongo utakwenda ukikamate kile chuma tumboni na kutoka nacho. Huo ukuta wako ni mwizi, dada yangu."

Akampa vidonge vya chuma ndani ya kikopo cha bati kilichokuwa cha peremende. Akaeleza namna ya kuvimeza, asivimeze na chai, na mengine ambayo bila shaka yangenisaidia. Sikuyasikia. Nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Mtu mzima, mwenye sare nyeupe, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ukuta wetu ni mwizi.

*

Bibi, mamake Baba, hakuvipenda vile vidonge. Alikaa sebuleni na kijaluba chake cha tambuu, akipaka chokaa kwenye jani kwa ncha ya kidole, na akasema bila kumtazama Mama:

"Mimi nimezaa saba. Sikula misumari."

"Si misumari, Mama. Ni dawa."

"Si wewe uliyesema ni chuma? Chuma hutiwa chini ya mto wa mwana akishazaliwa, kumlinda. Wewe wamtia mwana chuma kabla hajapata mto!" Akatia jani kinywani. "Lakini mimi ni mkongwe tu. Siulizwi."

Mama alikuwa mtu wa Kisauni, ng'ambo ya kaskazini, na kwa Bibi, mavyaa wake, miaka kumi haikutosha kumfanya awe wa nyumbani. Alikwenda chumbani, akameza kidonge, akakiweka kikopo kwenye kidaka, lile shubaka la ukutani juu ya kitanda.

Maneno ya Bibi niliyajua ukweli wake. Kwetu, na kwenu pia, mtoto mchanga akilazwa huwekewa kisu chini ya mto, maana mashetani na kila kisichokuwa mtu hukimbia chuma. Sasa nikajiuliza: na yule wa tumboni, ambaye hajapewa jina wala hajaadhiniwa, je, ni mtu tayari? Kama bado, chuma kitamfanya nini? Siku chache baadaye nilimsikia Mama akimnong'oneza jirani uani: "Tangu nivianze vile vidonge choo changu ni cheusi kama makaa." Jirani akasema ndivyo vilivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ndani ya Mama kitu kilikuwa kinaungua.

Nikawaza kama anavyowaza mtoto aliyeachwa peke yake na jambo kubwa. Mwizi ni ukuta. Chuma hufukuza wabaya. Chuma kimetiwa mahali pasipo pake, tumboni mwa mamangu, ambamo hamna mwizi ila mwana. Na mwizi mwenyewe yuko pale nyuma ya kitanda, na hakuna aliyemtia hata sindano. Nilishangaa watu wazima hawalioni hilo.

Alasiri moja Bibi alikwenda kwenye hitima, na Mama alikuwa kisimani. Nilichota maji kwa kata, nikakanda udongo wa uani. Nikateremsha kikopo. Vidonge vilikuwa vingi bado, vyekundu, vinang'aa. Nilivisukuma shimoni kimoja kimoja, hadi ndani kabisa, na kila kimoja nikakisomea bismillahi. Kisha nikakandika udongo juu yake, nikaubana kwa vidole vyangu vinne. Kiraka kilikuwa chekundu juu ya ukuta mweupe, kinaonekana toka mlangoni. Nikaenda kwenye kijaluba cha Bibi, nikachovya chokaa ya tambuu, nikapaka. Kikopo nikakirudisha kwenye kidaka kikiwa kitupu.

Nilinawa. Nikakaa uani nikimngoja Mama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikuwa na hofu. Nilikuwa nimemwokoa.

*

Jioni ile ile alikifungua kikopo. Alikitikisa, akakipindua kiganjani, akachungulia ndani kana kwamba vidonge vimejificha. Kisha akatoka, akasimama mbele ya Bibi.

"Mama, umeviona vidonge vyangu?"

"Nivione wapi? Mimi siingii chumbani mwa mtu."

"Basi vimeota miguu."

"Huenda vimeota," alisema Bibi, akitema mate mekundu ya tambuu kwenye kopo lake. "Na kama vimeota, ni heri."

Hakuna neno jingine lililohitajika. Mama alirudi chumbani, na nilimwona akitazama nyuma ya kitanda. Alikiona kiraka. Alikipitishia kidole, akakinusa kidole, na harufu ya chokaa ile sote tuliijua. Alielewa alivyoelewa: kwamba mavyaa wake ameingia chumbani mwake, amemtupia dawa, na akamzibia shimo lake la aibu ili ajue kwamba anajulikana. Hakukigusa tena. Alilala akanipa mgongo, na mabega yake yalitikisika bila sauti.

Ningesema wakati ule. Nilifungua kinywa. Lakini kama ningesema, ingebidi vitolewe ukutani, na mwizi awe huru. Nikakifumba.

Mama hakurudi dispensari. Alisema atakwenda siku yake ya kliniki ikifika. Nesi Dama ana maneno makali, atamwona mzembe. Na ile njia, kwa kifua chake kile, ilikuwa ndefu. Ukweli ni kwamba aliona haya kusema mbele ya benchi la wanawake kwamba nyumbani kwake anaibiwa dawa na mavyaa.

Siku tatu hakukuwa na mkwaruzo. Siku ya nne nikausikia tena. Ulitoka upande mwingine, karibu na mlango, ambapo chokaa ilikuwa imepasuka. Nililala nimetumbua macho. Mwizi alikuwa amehama. Ukuta ulikuwa mkubwa, una pembe nne, na mimi chuma changu chote nilikwisha kukiweka mahali pamoja.

Siwezi kuwaelezea majuma yale ila kwa kusema kwamba nilikuwa nikiamka kila asubuhi na kumtazama kwanza midomo. Ilikuwa inaelekea rangi ya jivu. Alikuwa akisikia baridi saa ya jua kali, akijifunika leso mbili. Nikiweka sikio kwenye kifua chake, moyo wake ulikimbia kama wa ndege aliyeshikwa mkononi. Alianza kusahau alilotaka kusema. Nami nilianza kujua kwamba nimekosea mahali fulani, na kwamba mahali penyewe siwezi kupaona.

*

Kisha mvua za masika zikaanza. Makuti ya paa letu yalikuwa yamechakaa upande ule wa chumba, na maji yakashuka ukutani kutwa na kucha, siku baada ya siku.

Asubuhi moja niliamka nikageukia ukutani. Kutoka kwenye kile kiraka, juu ya chokaa nyeupe, ulikuwa umeshuka mchirizi. Ulikuwa wa rangi ya damu iliyokauka, mpana kama utepe, umefika sakafuni na kuanza kutanda kwenye mkeka.

Ukuta ulikuwa unatoka damu.

Nilijua ni damu ya nani. Ndiyo ile aliyokosa ndani ya kope. Ukuta ulikuwa umeinywa yote, umeshiba, na sasa unaitema. Nilipiga ukelele ambao Bibi alisema baadaye alidhani nyoka ameanguka kutoka darini. Mama aliruka kitandani kwa ukelele wangu, akasimama wima, akaninyooshea mikono, kisha macho yake yakapinduka akaanguka kifudifudi. Tumbo lake lile kubwa liligonga ukingo wa kitanda.

Bibi aliingia mbio, kilemba kimefunguka. "Zuhura! Zuhura, mwanangu!" Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita Mama mwanangu. Alimlaza chali, akampepea, akampangusa uso kwa maji, akamtuma jirani akimbie kumwita Nesi. Nami nilikuwa nimesimama pembeni, siwezi kusogea, nikinyooshea kidole ukutani na kusema neno moja tu, "Damu, damu, damu," hadi Bibi akageuka kutazama.

Alitazama mchirizi. Akasogea, akapiga magoti. Chokaa ya kiraka ilikuwa imeoshwa na maji, na udongo wa chini ulikuwa wazi. Na kwenye ule udongo, wazi kama muhuri, palikuwa na alama za vidole vinne. Vidogo.

Bibi alizitazama. Kisha akanitazama mikono. Sijapata kuona uso ukielewa jambo kwa haraka vile, na bila kelele.

Nesi Dama alifika amelowa. Alimvuta Mama kope, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu, akauliza huku bado amepiga magoti: "Vidonge nilivyompa viko wapi?"

Macho yake yakafuata mchirizi hadi kwenye kiraka. Alichukua kijiko kilichokuwa kwenye sahani ya uji, akachokoa katikati, na tope la kahawia likamwagika, ndani yake mna mabaki ya maganda mekundu. Akalisugua kwa vidole. Yeye aliijua ile damu ni nini. Ilikuwa kutu.

"Nani amefanya hivi?" alisema, na sauti yake ya ng'ambo ilikuwa imeshuka chini kabisa. "Nauliza. Huyu mtu anakufa. Nani?"

Mama alikuwa amefumbua macho. Aliutazama ukuta akiwa pale sakafuni, na alisema kwa pumzi chache alizokuwa nazo: "Palipakwa chokaa ya tambuu."

Nilifungua kinywa. Naapa kwenu nilifungua. Lakini Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kama mzee aliyechoka kupiga magoti, na kiganja chake kipana kilikuwa kimefunika sawasawa alama za vidole vyangu.

"Ni mimi," alisema Bibi.

Nesi Dama alimtukana. Sitayarudia maneno yale. Bibi aliyapokea yote ameinamisha kichwa, mkono haukuondoka ukutani.

*

Wanaume walimbeba Mama na kitanda chake hadi feri. Walikuwa barazani kwa jirani wakibishana habari za Mwambao, kama pwani itabaki ya Sultani au itaingia Kenya pamoja na bara, na waliyaacha mabishano hayo katikati wakaja kushika miguu ya kitanda, wa huku na wa kule pamoja. Bibi alinishika bega, tukabaki mlangoni hadi walipopotea mvuani.

Kisha akanipeleka uani, akanimiminia maji mikononi, akaniosha kidole kimoja kimoja, ingawa vilikuwa safi.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza. Mwizi, kisu, mto, yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hayo yatabaki baina yangu na wewe," alisema. "Mamako akirudi atataka mtu wa kumkasirikia. Mimi n'mezoea. Wewe hutaweza."

"Na asiporudi?"

Bibi aliinuka. Alikanda udongo, akaingia chumbani, akakandika juu ya kiraka kile kwa mikono yake mwenyewe, akipaka polepole. Siku zilizofuata nilikaa sebuleni mgongo wangu haugusi ukuta wowote. Kila mtu aliyepita njiani akija upande wetu, nilitazama kwanza uso wake.

Mama alirudi. Walimtia damu kule hospitali, ya Baba na ya mpakuaji mwenzake mmoja, na Mbwana alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kulazwa kwenye pamba. Bibi alimwekea kisu chini ya mto. Mama alikitoa, akaweka mahali pake kisu chake mwenyewe cha jikoni. Tangu siku ile, kwa miaka yote iliyofuata, Mama alimpikia Bibi, alimfulia, alimwamkia kila asubuhi, na hakuacha tena dawa, wala chumvi, wala sufuria la mtoto, mahali ambapo Bibi angefika. Bibi hakulalamika hata mara moja. Alitafuna tambuu yake.

Na siku ya mwisho, miezi miwili tu iliyopita, tulimzunguka kitandani. Aliomba radhi kwa kila mmoja, kama anavyofanya mtu anayesafiri. Alipofika kwa Mama alimshika mkono.

"Zuhura, niwie radhi."

"Kwa lipi, Mama?"

"Kwa yale ya vidonge."

Mama alimnyoosha shuka kifuani kwa mkono wa pili. "Nimekuwia radhi, Mama," alisema mwishowe. Bibi aliyainua macho, akanitazama mimi juu ya bega la Mama. Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Mtu mzima, mwanamke mwenye mume, mwandishi wa vitabu ninayejidai kwamba kazi yangu ni kusema. Nilishika bakuli vizuri zaidi ili maji yasimwagike.

*

Sururu ya Mbwana ilishuka kwenye kile kipande cha ukuta, na ukuta ukapasuka pale pale udongo wa Bibi ulipokutana na udongo wa chini yake. Bonge kubwa likabingirika hadi miguuni pangu. Katikati lilikuwa la rangi ya kutu. Ukingoni mwake palikuwa na mashimo manne madogo, yamepangana.

"Vidonge vyako vya leo umemeza?" Mama aliniuliza, akiwa bado anafagia. "Usile udongo, nakuona unavyomeza mate. Na kikopo chako usikiache ovyo. Mimi nilijifunza."

"Mama."

"Abee."

"Njoo hapa."

Alikuja akiburura fagio. Nililiweka bonge mkononi mwake, nikamwelekezea ukingo ule. Moyo wangu ulikuwa ukienda kama wake ulivyokuwa ukienda siku zile. Alilitazama kwa muda, hakuelewa. Kisha akajaribu kutia kidole chake cha shahada kwenye shimo moja, na hakikuingia. Akajaribu kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa. Nacho hakikuingia.

Hakunitazama. Mbwana alisimamisha sururu. Mama akainama, akakaa chini kwenye vifusi, bonge juu ya mapaja yake, kama mtu anayepakata mtoto.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua tangu siku ile."

Mvua nyepesi ilianza tena, na harufu ikapanda kutoka pande zote za ile nyumba iliyobomoka. Mama alilifunika lile bonge kwa pindo la leso yake lisilowe.

"Basi mimi ndiye niliyetakiwa kumwomba radhi," alisema. "Na sasa nimwombe nani?"